Funga Zangu za Jumatatu na Alhamisi

Mlali, Morogoro

Kwa kaka yangu mpendwa Hashimu,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Shadya na wote hapo Gairo. Karanga zimekubali mwaka huu? Sisi huku Mlali hatujambo. Mke wangu Mwanvita anakusalimia, anasema safari hii uje na karanga, maneno matupu anayo ya kwangu.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako unaipokea kwa spika, kaka, na haya si ya kusikiwa na wakwe. Nataka Alhamisi ijayo twende wote hospitali, mjini Morogoro. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukatae.

Mwezi uliopita mkojo wangu ulifunga. Kutwa nzima halikutoka hata tone, tumbo la chini likakaza, nikalia mbele ya mke wangu bila haya. Nilipelekwa hospitali kwa pikipiki, na kila shimo la barabara nililisikia. Wakanipitishia mpira, mkojo ukashuka, na nesi yule nilimwombea dua ambazo hata wewe sijawahi kukuombea.

Kisha daktari, binti wa umri wa mwanangu Raya, akanieleza bila kupepesa macho kwamba ni tezi dume. Alisema kila mwanamume anayo, imezunguka njia ya mkojo, na umri ukienda hukua ikaibana. Aliniuliza kama mkojo ulikuwa ukichelewa kuanza, ukikatikakatika, ukinirudisha chooni kabla sijakaa vizuri. Nikakiri yote, tena kwa miaka miwili. Walinipima damu, wakanipiga utrasaundi, na kile kipimo cha kidole mnachokitania barazani kikaisha kabla sijamaliza kuona aibu. Si saratani. Mpira umetolewa, natumia vidonge kila jioni, chai naiacha baada ya magharibi, na chooni sina haraka tena: nikimaliza nasubiri, najaribu tena. Dawa zikishindwa watanipasua, nami nimeshaamua kukubali. Kilichomkasirisha daktari ni kwamba nilikuwa nimeacha kunywa maji. Alisema kujinyima maji hakupunguzi tezi, kunakaribisha maambukizi tu.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Nilipoacha kuadhini msikitini niliwaambia koo limechoka. Ukweli ni kwamba matone yalikuwa yakinitoka baada ya kutawadha, nikaona sina udhu, na badala ya kumuuliza sheikh nikajificha safu ya nyuma. Juzi nimemuuliza. Akasema mgonjwa wa namna hiyo hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, akasali bila wasiwasi. Miaka miwili nimeteseka kwa swali la dakika moja!

Na zile funga zangu za Jumatatu na Alhamisi, ulizozisifu mpaka mnadani, hazikuwa za Mungu. Nilifunga ili nisinywe, nisinywe ili nikae na watu bila kuinukainuka. Wakaniita mcha Mungu, nikatabasamu.

Kuna baya zaidi. Idi iliyopita, ulipokuja kwangu, uliinuka mara tatu kabla pilau haijaisha. Kila ukirudi ulisema umepigiwa simu, na simu ilikuwa mkekani mbele yangu. Nilijua, kaka. Siku ileile ukaniambia nawe umeanza kufunga Jumatatu na Alhamisi kwa kuniiga mimi, nikakupongeza. Niliona unaumwa kama ninavyoumwa, nikanyamaza ili sifa yangu isiharibike. Kama ningekufa siku ile ya pikipiki, ungeendelea kujinyima maji kwa kunifuata. Naumia sana nikiliwaza hilo.

Basi Jumatano nakuja Gairo, nitalala kwako. Alhamisi asubuhi utakunywa maji nikikuona, tupande basi. Ukisema umefunga, nitasimama sebuleni niwaeleze shemeji, watoto na wakwe zako kwa nini mimi nilikuwa nafunga. Aibu hiyo naiweza. Kukuzika kwa sababu ya uongo wangu siwezi.

Barua hii anakuletea Deogratias, yule mkulima wa kabichi anayekuja mnadani. Mpe chai asije akasema kwetu hakuna ukarimu. Mwanvita na Raya wanawaombea afya njema nyote. Nisamehe.

Mdogo wako anayekupenda,
Abdulatif