Akinyi, Wenzako Wamepokea Komunyo

Mpendwa binti yangu Akinyi,

Jumapili iliyopita wenzako wa gredi ya tano walipokea Komunyo ya Kwanza. Nilikuwepo. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nimefundisha shule hii ya Kendu Bay tangu kabla hujazaliwa, lakini sasa wiki yake haina siku usiyokuwemo. Jumanne ni kwaya. Alhamisi ni katekesi, katika lile darasa linalonuka chaki na sweta mbichi. Halafu Ijumaa, misa ya shule, uliyoipenda kuliko Krismasi. Ulitamani kuwa kati ya wasichana wanaocheza wakipeleka matoleo, ila selimundu, ugonjwa wako wa damu, ilikukatalia. Ukichoka au ukinyeshewa, mifupa ilikuuma hadi unatafuna kola ya sare yako ili usilie. Basi Mwalimu Ouma, katekista wetu, akakufanya msomaji. Ulinisomea jikoni nikisonga ugali, ukamsomea nyanya yako, ukawasomea hata kuku.

Ijumaa ile ya mwisho mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikugusa kwenye paji la uso, nikakuta joto.

"Leo utabaki nyumbani," nikasema.

"Mama, leo nasoma. Kama ni kuumwa, nitaumwa baada ya misa."

Ukasoma. Ulipofikia jina gumu la mji wa kale ulisita, ukavuta pumzi, ukalitamka lote, kisha ukanitafuta kwa macho, umejaa majivuno.

Mchana maumivu yakaja kweli. Tukakukimbiza hospitali Homa Bay. Baba yako akafika kutoka machimboni Macalder, udongo wa dhahabu ya watu bado uko kwenye nywele zake. Wauguzi wakakutundikia maji, wakakudunga dawa, na Jumamosi jioni ukaketi kitandani ukaomba mandazi. Tulicheka, Akinyi. Tuliamini yamepita.

Ndipo Padri wetu alipoingia.

"Nimekuletea Komunyo, mwanangu. Ungependa kuipokea leo?"

"Wenzangu wameshapokea?"

"Bado. Wao ni mwisho wa muhula."

"Basi nitawangoja, Padri. Tulikubaliana tutaingia wote pamoja."

Padri alinitazama. Nami nikamtazama baba yako. Nani angekuwa na moyo wa kukukatalia, nawe una makombo ya mandazi kwenye midomo? Padri akakuwekea mkono kichwani, akakubariki. "Haya," akasema, "tutangoja."

Asubuhi yake pumzi yako ilianza kukatika. Daktari alikuja mbio, wakakuwekea hewa, wakanisukuma kando. Baba yako alikuwa amekushika miguu, anaita, "Nyathina, nyathina," mtoto wangu, mtoto wangu, hata baada ya daktari kutuambia tusikuite tena.

Hiyo Jumapili iliyopita, basi, mwisho wa muhula ulipofika, wenzako waliingia kanisani na magauni meupe. Adhiambo, rafiki yako wa dawati moja, alipofika mbele ya Padri hakufungua mdomo. Padri akarudia, "Mwili wa Kristo." Adhiambo akamuuliza, kwa sauti iliyofika hadi kwangu mlangoni, "Na Akinyi je?"

Padri alishusha mkono. Nimemwona mtu huyu akizika wazee na vijana, sikuwahi kumwona akilia. Alilia mbele yetu sote, mbele ya wazazi na kamera zao.

"Pokea, mwanangu," akasema hatimaye. "Nami sijui. Pokea tu."

Adhiambo akapokea huku machozi yanamtiririka. Mimi nikatoka nje.

Padri alinikuta huko baada ya misa, bado amevaa kanzu yake. "Mama Akinyi, ningempa tu," akaniambia. "Alikuwa mtoto. Ningempa tu."

"Alichagua wenzake, Padri," nikamjibu. "Hukumnyima wewe."

Nilisema hivyo ili apate usingizi, na ni kweli. Lakini mimi nani ataniambia neno la kunilaza? Baba yako amerudi machimboni. Tukipigiana simu tunaulizana habari za mvua na mahindi, hatuthubutu kutaja jina lako.

Jana ilikuwa zamu yangu kuongoza sala kwenye paredi. Nilianza Baba Yetu vizuri. Nilipofika "utakalo lifanyike", nikakwama. Nikasimama pale mbele ya shule nzima, mdomo wazi. Watoto wakasubiri kidogo, kisha wakaendelea bila mimi, wale wadogo wa chekechea wakipaza sauti kuliko wote, mpaka amina.

Sijaacha kuamini, mwanangu. Ila neno hilo moja siwezi kulisema, na sitamdanganya Mungu kwa kulitamka mdomoni tu. Kwa sasa watoto wananisemea.

Nakuachia hapa. Gredi ya tano wananingoja darasani, na lazima niingie.

Mimi, mama yako.