Alama za Papa kwenye viatu vya ndege

Kartiye Rwambuzi, Bunia
Siku ya pili, 12/3/2024

Yaya Alphonsine wangu mupendwa,

Sasa hivi nimetoa kipande cha sabuni mu kinywa ya Rebecca. Alikuwa amekaa chini ya meza ya Papa, ametulia, nikasema leo Mungu amenihurumia, mutoto amejua kukaa. Kumbe anakula sabuni! Nimemuosha ulimi, ametema povu, kiisha akanicheka. Meno yake iko ine sasa, na ile ya chini inauma sana, muulize kidole changu.

Basi nikusalimie vizuri. Muko wazima huko Lubumbashi? Shemeji Kasereka je, kile kikohozi kimemuacha? Watoto wanasoma? Siye tuko, tunashukuru. Baba Rebecca iko bado Mongbwalu kwenye machimbo. Alipiga simu siku ya posho, Jumamosi hii iliyopita, lakini sauti ilikuwa inakatikakatika, nikasikia tu "mutoto, mutoto", nikajibu iko muzima.

Najua utashangaa kuona karatasi, weye uliyezoea kunisikia kwa simu. Yaya, nyumba yetu ni ya vyumba viwili na pazia katikati. Papa masikio yake iko kama ya kijana, na maneno ya leo ni juu yake. Jirani yetu Véronique anapanda ndege kesho kutwa, siku ya ine, kuja huko kwenu, ndiye atakuletea hii mukononi.

Unakumbuka mwaka jana nilikuambia Papa amepata kazi ya ndege, ukacheka sana, ukasema sasa Papa atakuwa piloti. Siyo ndege hii ya leo. Ni ya zamani, ndogo, ya mabawa mawili, moja juu, moja chini. Ilikuwa ya mutu wa mashamba ya kahawa, mbele Papa hajazaliwa. Ililala mu depo miaka mingi, panya wakazalia ndani. Mujukuu wa yule mutu anataka iruke tena, na mekanisiye mumoja muzee, Blanchard, ndiye anaitengeneza. Bati za nje, za alumini, zimekulwa na maji na miaka, na vipande vyake haviuzwi tena popote. Lazima mutu avipige kwa mukono. Watu wakamwambia Blanchard, kuna mukimbizi mumoja wa Djugu iko Rwambuzi, muzee Étienne, anapiga masanduku ya wanafunzi na karai, muone yeye.

Yaya, weye ulikuwa kwenye masomo, mie niliacha mwaka wa tano ili nimushikie Papa bati upande ule wa pili. Kwa hiyo kazi yake naijua kwa mikono, hata kama siwezi kuieleza vizuri kwa kalamu. Anaweka bati juu ya mufuko wa ngozi wenye mchanga ndani, anapiga na nyundo ya mbao, anazungusha, anapiga, mupaka bati inajaa kama shavu la mutoto mwenye kitu kinywani. Lakini alumini ikipigwa inachoka, inakuwa ngumu, itapasuka. Lazima irudi kwenye moto ilegee. Na alumini haiko kama chuma, haiwi nyekundu. Unaona iko sawa, sawa, halafu mara moja inayeyuka. Ndiyo maana Papa anaipaka sabuni mbele ya kuiweka kwenye moto. Sabuni ikigeuka rangi ya chai nzito, anaitoa mbio.

Mwezi wa munane, mie niko napepea makala, Rebecca mugongoni, naona sabuni imekuwa chai, kiisha kahawa, kiisha nyeusi kama chini ya sufuria.

Nikasema, "Papa, sabuni!"

"Nyamaza, mama, niko naona."

Bati ikazama katikati kama ugali ya maji. Papa akatukana muuza makala, eti, "Makala ya siku hizi iko na hasira!" Nikacheka naye. Halafu nikaona anatafuta nyundo yake kwa kiganja, anapapasa meza, na nyundo iko pale pale mbele ya macho yake.

Tangu siku ile, Yaya, nilianza kitu ambacho sijamwambia mutu, hata baba Rebecca. Papa akimaliza kipande, kinakuwa na mabonde na vilima. Siku ya tatu na ya tano mchana anaenda sala ya wababa kule Lumumba. Akivuka kona tu, nafunga mutoto mugongoni, nakamata nyundo, nanyoosha alivyoharibu. Akirudi, kipande kiko pale alipokiacha. Blanchard akija anapitisha kiganja juu yake, anasema, "Muzee, mukono wako haujazeeka." Papa anacheka, "Mukono hauna miaka. Ni weye unazeeka, Blanchard, angalia hiyo tumbo!" Na mie niko kwenye mbabula ya makala nakoroga sombe ya muhogo, siinui macho.

Nilidhani nampenda Papa kwa kufanya vile. Sasa sijui tena.

Kulikuwa na viatu vya magurudumu, ndivyo Blanchard anaviita, bati mbili zinazofunika magurudumu, moja kushoto, moja kuume. Cha kushoto Papa alikipiga mwenyewe, mie nikakinyoosha tu. Cha kuume kilimupasukia. Hakuona mupasuko. Nikachukua bati ingine, nikapiga kiatu kizima mie mwenyewe kwa muda wa sala mbili na nusu ya ingine, kiisha nikakiweka pale, chake nikakificha chini ya kitanda.

Unajua alama yake, zile nukta tatu anazopiga kwa poinso, kile chuma cha ncha. Hakuna sanduku lililotoka kwake bila zile nukta. Papa anazipiga mbele ya kukunja ukingo, ili zibaki ndani ya mukunjo. Jicho halizioni, kidole tu kinazisikia kwa ndani. Mie siku ile Rebecca alikuwa analia njaa, sala ilikuwa karibu kuisha, nikakunja ukingo kwanza. Ndipo nikakumbuka alama. Nikazipiga juu ya mukunjo, nikasema nani ataangalia.

Siku ya posho, Fabien, yule kijana mukubwa anayefanya kazi kwa Blanchard, akaja kuchukua viatu vyote viwili. Papa akasema, "Nipe nivishike mara ya mwisho." Akapitisha vidole ndani ya cha kushoto, akatabasamu. Akakamata cha kuume. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma, vikasimama tena pale pale.

"Hiki nani alipiga?"

Fabien wa watu akajibu, "Si weye, Papa Étienne? Alama si yako hii?"

"Weye sijakuuliza. Nauliza mutoto yangu."

Yaya, niliangalia kuku ya jirani ikipita, kama mupumbavu. Papa akangoja. Kiisha akamupa Fabien kile kiatu, akasema polepole, "Peleka. Iko kizuri." Akaingia ndani.

Leo imetimia siku ine tangu pale. Hajaniambia neno hata moja. Nikiweka chakula anakula, kiisha anamwambia Rebecca aksanti, mutoto asiyejua hata kusema "mama". Vile alizoea kuniita mama kila asubuhi, sasa ananipita mulangoni kama mupangaji. Na hajui habari ingine iliyo mbaya zaidi, kwamba kile cha kushoto alichotabasamia, nacho mukono wangu umepita mule mote. Nimwambie na hiyo pia? Ao nimuachie hata kimoja?

Imebaki pete ya pua tu, ile bati ya mbele inayozunguka injini. Ndiyo ngumu kuliko zote, na bati ya alumini iliyobaki ni moja, Blanchard anasema ingine haipatikani. Mujukuu wa mwenye ndege anakuja mwisho wa mwezi huu. Kama hatakuta pete, watapakia ndege mu kamyo waipeleke Uganda kumalizia huko kwa mashini. Ile bati imesimama kwenye ukuta tangu siku ya posho. Papa anakaa mbele yake, haigusi. Na mie siigusi. Nikiipiga, ni kama namwambia mbele ya watu kwamba amekwisha. Nisipoipiga, ndege inaenda, na yeye amekwisha kweli, anabaki kukaa tu kwenye kiti.

Jana nilimusikia nyuma ya pazia anahesabu vyombo vyake kwa kuvigusa, kimoja kimoja, na anavirudisha mu sanduku. Nikajifunika kitenge kichwani nisisikie.

Kwa Noeli ulisema aje kwako apumzike. Najua ni upendo, usikasirike nikikuomba ungoje. Tulipotoka Djugu, Papa aliacha nyumba, shamba, na kaburi la Mama. Alibeba nyundo na mie. Ukimupokea sasa kule kwenye uwanja wa ndege, atashuka mikono mitupu, na atakuwa mutu mwingine, si yule unayemujua. Naamini bado hajafika pale. Naamini, Yaya, hata kama sina sababu ya kukuonyesha.

Weye ni mukubwa, Papa hajui kukukasirikia. Ukipata hii barua, usimupigie simu kumuuliza, atajua nimesema. Niambie mie tu nianzie wapi. Nipige magoti? Nilete watu wa sala wanisemee? Ao nikae kimya hivi hivi mupaka yeye mwenyewe achoke? Kusoma sikusoma sana, lakini neno lako moja nitalifuata.

Nisalimie shemeji Kasereka, asiache dawa ya kikohozi hata akisikia amepona. Nisalimie mama mukwe wako Clémence, na watoto, umubusu kila mumoja kwa jina lake, usiwafungie salamu pamoja kama mboga. Mungu alale mulangoni kwenu na aamuke nanyi. Akumbuke na huku kwetu, hata kama njia iko na vizuizi.

Ni mie mudogo wako akupendaye sana, ambaye

ngoja Yaya, Papa ananiita. Ananiita kweli, kwa jina, amesema "Béné". Sijui kama ni hasira. Nasikia ameburuza bati kwenye saruji, anaileta mezani. Sasa anasema niache karatasi, nifunge mutoto mugongoni, nikuje nipige mie, yeye ndiye atashika upande ule, na nifanye mbio maana makala tayari