Aliyosema Mama Picha Ilipoganda

Nyumbani kwa Mama,
Nyaramba, Nyamira.
26 Mei 2025.

Mpendwa Masese,

Nakusalimu mdogo wangu, wewe na Amolo na watoto. Mko salama? Baridi ya huko Minnesota imepungua? Nilisikia watoto walikuwa na kikohozi mwezi wa tatu, natumaini kimewaisha. Huku mvua ni nyingi, majani chai yanatushinda kuchuma, na goti langu la kulia linalalamika kila ninapopanda kutoka shambani. Habari za Mama nitakupa nikifika mahali pake. Yu hai, tulia usome.

Naandika kwa Kiswahili, wala si kwa lugha yetu, kwa sababu nataka Amolo aisome barua hii mwenyewe bila wewe kumtafsiria. Na naandika kwa karatasi kwa sababu tangu tarehe kumi hupokei simu zangu. Jirani yetu Bosire anarudi huko Alhamisi, baada ya kumzika baba yake. Nitampa mkononi.

Jumamosi hiyo ya tarehe kumi uliniandikia maneno matano: "Dada, umekata tena. Umefurahi sasa?" Nimeyasoma hadi nikaacha kuyaelewa. Sikukata, Masese. Sijawahi kukata hata mara moja.

Ulipotuwekea intaneti mwezi wa pili ili umwone Mama kila Sabato, nilifurahi kuliko wewe. Mafundi walikifunga kile kisanduku sebuleni, juu ya kabati la vyombo, wakaenda. Sebuleni kilifanya kazi vizuri. Lakini Mama yuko chumba cha nyuma, kuta mbili za matofali katikati, na tangu ule upande wake wa kushoto ulipokufa, kumbeba hadi sebuleni ni kumtesa. Kwa hiyo waifai ilibidi imfuate kitandani, nayo ilikuwa ikifika imechoka. Tukiongea dakika kumi, kumi na tano, inapotea.

Nilipiga simu kwa kampuni. Wakaniambia nizime, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nilizima na kuhesabu mara nyingi hivi kwamba Mama akawa ananisaidia kuhesabu kutoka kitandani. Siku nyingine wakaniambia nibonyeze kwa sindano kale katundu ka nyuma. Nikabonyeza. Kumbe kanafuta kila kitu, hata neno la siri, tukakaa siku mbili bila chochote. Nikakihamishia dirishani, kisha kwenye korido juu ya stuli. Nimefundisha watoto hesabu miaka thelathini na moja, Masese, na kijisanduku chenye taa nne kimenifanya nilie mbele ya Emily anayenisaidia kumtunza Mama.

Mwishowe nilimtafuta fundi kutoka Kisii mjini, Ben Owino, kijana mpole. Alichomeka waya kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye kompyuta yake, akaiacha saa nzima. Haikukatika. Akakishika kile kisanduku kwa kiganja, akautoa mkono haraka.

"Mwalimu, laini yako haina kosa," akasema. "Kinachoanguka ni waifai peke yake. Hii mashine ikipata moto, inaiacha. Ndiyo maana taa ya laini inabaki kijani na wewe huna kitu."

Alibadilisha chaneli ya waifai, akakiondoa karibu na ukuta kipate hewa. Tulipata siku nne nzuri. Kisha ikarudi vile vile. Kampuni ikaahidi kisanduku kipya, hakikuja. Ben akasema dawa ni kuvuta waya hadi chumbani kwa Mama, lakini waya wa urefu ule hakuwa nao, angeuleta. Hapo ndipo tulipokuwa Sabato ile ya tarehe kumi.

Sasa nisikilize. Ulikuwa umemuuliza Mama kama amekunywa dawa. Nyuma yako Amolo akapita kuchukua kikombe mezani. Unajua huwa hakai mbele ya simu Mama akiwepo, wala simlaumu. Picha ikaganda hapo hapo, wewe umeinamisha kichwa, yeye amegeuza uso kututazama. Nikakimbia sebuleni. Taa ya laini kijani. Nikazima, nikaanza kuhesabu.

Kisha nikamsikia Mama anaongea. Nilidhani mmerudi. Nikafika mlangoni, nikamkuta Emily ameacha kuchambua maharagwe, ananionyesha kwa kidole ninyamaze. Picha ilikuwa bado imeganda. Macho ya Mama hayakuweza kujua hilo. Aliona mmenyamaza mnamtazama, wote wawili, akadhani mnamsikiliza kwa heshima. Aliongea polepole, kwa ule mdomo wake mzito. Nakuandikia vile alivyosema, na Emily yuko hapa, nikikosea ananirekebisha.

"Amolo, mwanangu. Siku ile nilikuacha uani na mtoto mgongoni, mvua inakuja. Chai nikakupa nje. Nilikuwa naogopa watu watasema nini, mwanangu analeta mke wa kabila jingine, kutoka ziwani. Wewe hukuwa na kosa. Nimelikumbuka hilo shambani miaka tisa, kila mara nikisema nitamwambia. Sasa nakuambia. Ukija, usipige hodi. Ingia. Na wewe Masese, acha kuniuliza dawa. Nimekunywa. Niambie hawa watoto wanakula nini huko."

Akangoja jibu lako. Alingoja kwa muda, anatabasamu upande mmoja.

Ningefanya nini? Nilitaka kurekodi, lakini simu ya kurekodia ndiyo hiyo aliyokuwa akiongea nayo. Nilitaka kumwambia hamkusikia, nikashindwa. Akanigeukia. "Wamesikia?" Nikasema, "Wamesikia, Mama." Akafumba macho akalala, na mimi nikarudi kwa kile kisanduku nikiwa sioni vizuri.

Ujumbe wako ulipofika, ningekueleza pale pale. Sikukueleza, na hili ndilo ninalokuomba unisamehe. Nilifikiri maneno yale si ya kupewa na mimi. Nilitaka myasikie kwake, kwa sauti yake. Nikajiambia Ben ataleta waya, Sabato ijayo nitamwomba Mama arudie, hata kama nitalazimika kukiri kwamba nilimdanganya.

Jumatano asubuhi, tarehe kumi na nne, nilimpelekea uji nikamkuta mdomo umekwenda kabisa. Tulimkimbiza hospitali. Nilikupigia mara sita, kisha nikaacha, maana sikujua nitaanzaje. Daktari anasema ni kiharusi cha pili, na kwamba anasikia na anatufahamu, ila kuongea tusitegemee. Tulirudi naye nyumbani Jumapili. Ananishika mkono. Nikimtajia jina lako anafinya.

Ben alikuwa amekuja Ijumaa, sisi tukiwa hospitalini. Alikata waya, akatoboa ukuta, akafunga kisanduku kidogo cha pili pale juu ya kitanda cha Mama. Tangu siku hiyo intaneti haijakatika hata mara moja. Inawaka usiku na mchana katika chumba ambacho hakuna anayeongea. Siwezi kukuambia jinsi ninavyoichukia ile taa.

Basi Sabato, barua ikiwa imekufikia, piga. Nitapokea mimi, nitaweka simu mbele yake. Usimuulize kitu, hawezi kujibu na itamuumiza. Mwache Amolo akae mbele. Aongee yeye kwanza, amwambie Mama kwamba mmesikia, ili lile neno nililolitamka liwe kweli. Kama Amolo hataki, simlaumu, yeye ndiye aliyeachwa kwenye mvua.

Emily anawasalimu, na binamu yetu Mose anauliza kama ulipata picha za harusi yake. Kina Ondieki wa ng'ambo ya mto wanamwombea Mama kila jioni. Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mungu awalinde huko mliko, na atuachie Mama hadi hiyo Sabato.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda hata ukinikasirikia,
Lorna Nyamoita.