Doa Jekundu Kona ya Kaskazini

Shikamoo, Baba.

Najua marahaba haiji, lakini mkono umegoma kuanza bila salamu.

Pamba imebeba vitumba vizuri mwaka huu hapa Ziba. Mama ameanza kula, kidogo kidogo. Kiti chako bado anakitoa nje asubuhi, akikumbuka anakirudisha ndani, nasi tunajifanya hatukuona.

Unakumbuka tulivyopima shamba? Nilikwambia uzunguke mpaka wa shamba ukiwa umeshika simu, setilaiti ikufuate na kuchora ramani, iwe inatukagulia mimea. Ukaishika kwa mikono miwili kama yai. Tulipofika kwenye kichuguu nikasema tukiache nje, hakilimwi. Ukang'aka: "Usikate kitu humu! Kichuguu nacho ni chetu." Halafu ukauliza kama hiyo setilaiti na kupalilia inajua. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi shamba likabaki zima kwenye ramani. Tulipokurudisha kutoka hospitali kule Kitete, tulikuzika kona ya kaskazini, penye kichanga, kama ulivyotaka. "Msinipe udongo mzuri, mtapanda wapi?" Ramani sikuigusa. Sikuweza.

Sasa kila setilaiti ikipiga picha, simu inalia, ujumbe unaingia: mimea dhaifu kona ya kaskazini, nenda ukakague, ongeza mbolea. Ni kaburi lako, Baba! Doa jekundu kwenye ramani ya kijani. Nami nikawa naacha jembe nakwenda kweli, nakaa kwenye ule udongo mtupu, nalia. Niliona ni wewe unaniita. Nikilifuta doa, nani ataniita tena?

Juzi nikausoma ujumbe kwa sauti, Mama akasikia. Baadaye nikamkuta huko kona, ndoo ya samadi kando, anakutandazia kwa mikono yake. "Si wamesema hapa panahitaji?" Ee Baba, nilimshika tu.

Kwa hiyo leo nimekuzunguka na simu, taratibu, mikono miwili. Nimekutoa kwenye ramani. Ulisema nisikate kitu, na nimekata. Mara ya kwanza nilibonyeza pembeni, ikabidi nirudie.

Samadi ya Mama sijaizoa. Mvua ikinyesha nitapanda maua hapo, nije kuyapalilia mwenyewe.

Lala, Baba. Simu haitaita tena. Nitakuja bila kuitwa.

Mwanao,
Kabula