Malaika Waliotwangwa Kirushya

Ansbert, acha unachofanya usome. Hapa Kirushya wametwanga malaika. Kwenye kinu!

Adelfina, mke wa yule mpwa wangu, aliahidi kigango mapambo ya mti wa Noeli. Kafinyanga siku mbili kwa unga wa muhogo, chumvi na maji ya moto: nyota, kondoo, malaika kumi na wawili. Akawaanika mkekani, pembeni ya muhogo wa mama mkwe wake. Na kabla ya Noeli zimebaki siku tatu!

Leo mchana kaja katekista Desderius kuyaona. Kwanza akatengewa ugali. Tonge la kwanza. La pili. "Mama Marsiana, ugali huu umeutia chumvi?"

Chumvi! Kwenye ugali! Mama mkwe akang'aka, "Mimi? Tangu lini?"

Adelfina akatoka mbio. Mkekani patupu. "Mama, umetwanga malaika!"

"Malaika gani anakaukia kwenye muhogo wangu? Nimeona vipande vidogo vidogo, nikasema mkwe wangu siku hizi anamenya vibaya."

Ansbert, katekista alikuwa na tonge mkononi. Akalitazama. Akalimeza, angefanyaje?

Adelfina akalia kwelikweli. Kigango kizima atakiambia nini? Mama mkwe akainuka, akaleta unga uliobaki. "Chumvi si imo? Chemsha maji."

Sasa hivi wanafinyanga wote watatu. Kondoo wa mama mkwe wana pembe ndefu kama ng'ombe wa Ankole, na katekista anaapa kwamba ni kondoo.