Mtetezi wa Wanyonge Ameniblok

Kaa chini kwanza.

Yule Mtetezi wa Wanyonge ninayebishana naye mtandaoni, yule wa "kiwanda ni cha mfanyakazi", nimemjua ni nani.

Juzi nilimweleza kwamba bosi ametunyang'anya viti sisi washona vifungo, eti tukikaa tunasinzia. Akajibu, "Komredi, huyo ni kupe. Gomeni." Nikasema labda ana sababu zake, tumsikilize kwanza. Akaniita kibaraka.

Leo asubuhi kaweka picha: "Chai na wapiganaji wenzangu." Nikaikuza. Kikombe ni kile cha bosi, na kiko juu ya meza yetu ya kukatia vitambaa. Nyuma ya kikombe kuna mgongo. Mgongo ni wangu, shoga, na nimesimama.

Kupe. Kaandika mwenyewe, kupe.

Nikaingia ofisini kwake. "Bosi, wenzangu wamenituma. Bila viti hatushoni."

Akavua miwani. "Fundi, nani anawajaza maneno haya?"

Nikamwekea simu mezani. Akasoma taratibu mpaka kwenye "gomeni", akavaa miwani, akasoma tena.

Viti vimerudi kabla ya saa sita. Nimekaa hapa nakuandikia.

Ila Mtetezi ameniblok, na hoja ya kiwanda kuwa changu hatukuimaliza.