Kiwiko cha Baba Mdogo Juu ya Meza ya Chuo

Mpendwa Mama Wangari wa safu ya ushauri, nisaidie kwa jambo lililonikuta juzi. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi hapa Eldoret, na siku hiyo tuliingizwa mara ya kwanza kwenye chumba cha maiti kusoma viungo, Mwalimu Nyongesa akatuonyesha bega linavyozunguka pande zote na goti linavyojikunja kama bawaba ya mlango, akatuonyesha misuli, na kano zinazoishikilia kwenye mfupa, mimi naandika tu nimeziba pua, mpaka akaniita, "Apiyo, njoo ukunjue kiwiko hiki."

Nikavuta, kikakataa. Mwalimu akafurahi kabisa. "Kilivunjika zamani kikaunga vibaya! Gegedu linalotenganisha mifupa limekwisha, mfupa umeshikana na mfupa. Hamtaona kingine kama hiki!" Wenzangu wakasogea kuangalia, lakini mimi ule mkono nilikuwa naujua, kwa sababu baba mdogo Jeconia, aliyenilea, alianguka kutoka kwa trekta nikiwa mtoto na kiwiko chake kikabaki kimepinda vivyo hivyo, nikajiambia wenye viwiko hivyo ni wengi, nikafunua kitambaa cha uso, na Mama, ni yeye, na kovu lake juu ya jicho, na pengo la meno ya chini yaliyong'olewa kwa desturi yetu.

Nilipiga nduru nikaanguka. Mwalimu akanitoa nje, akasema huyo aliokotwa barabarani bila kitambulisho, hakuna aliyemuulizia, na nikizua maneno nitafukuzwa. Na kule mtaani Langas mke wake, mama mdogo Aloo, ana presha, na mwaka wa pili sasa tangu atoweke anamlaani kwamba alikimbilia mwanamke huko Cheptiret, hata watoto amewaambia baba yao ni mhuni. Jana nilimkuta akifua, akaniuliza, "Mbona umekonda, mwanangu?" Nikachukua nguo nikaanza kumwanikia. Je, ninyamaze?

Apiyo

Apiyo binti yangu, barua yako niliianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikalazimika kukaa. Pole. Pole sana.

Sasa sikiza. Unaniandikia mimi, na posta yetu unaijua inavyochelewa, huku mwili wa mtu aliyekulea uko mezani unakatwa? Ulipomnyamazia Aloo ulidhani unamhurumia. Huruma gani hiyo, kumwacha mama wa watu amtukane marehemu mbele ya watoto wake? Akija kusikia kwingine kwamba ulijua, hiyo presha unayoiogopa ndiyo itakayomwangusha.

Usimwendee peke yako. Mwambie mzee mmoja wa ukoo wenu leo, mchukue na pasta, mkaketi na Aloo. Sema, "Nimemwona kwa macho yangu." Habari za visu usizitaje.

Kisha mfikie mkuu wa chuo mwenyewe, huyo Nyongesa mpiteni. Chuo hupewa miili isiyo na wenyewe. Huyu ana mke, ana ndugu, ana wewe. Chukueni barua ya chifu, muulize polisi aliokotwa wapi na alikufaje. Najua siku hizi watu wanaogopa kuuliza maswali kituoni. Nendeni mchana, nendeni wengi.

Wakikufukuza kwa kumtambua mzazi wako, niletee jina la aliyetia sahihi. Lakini kwanza mrudisheni Jeconia kwao, mkamzike, Aloo amlilie kama mjane. Ameshalia vya kutosha kama mke aliyeachwa.

Mama Wangari